Mwenye Motokaa na Spana Yake

Pita Jumapili asubuhi katika mitaa ya Mombasa, iwe ni Majengo, Tudor, Bondeni, au ng'ambo ya Kisauni na Likoni, na huna budi kukuta boneti zilizo wazi. Mbele ya kila boneti pana mtu aliyeinama, kikoi kimefungwa madhubuti, fulana imeingia mafuta, na kikombe chake cha kahawa kimewekwa barazani kikipoa. Ukimwona kwa mbali utadhani ni fundi. Sivyo. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi, yule ni karani wa bandarini, na yule wa tatu ni muuza vitambaa ambaye kesho saa mbili atakuwa dukani kwake akipima doti kwa mikono iliyosuguliwa hadi ikawa safi. Hawa ni wenye motokaa wanaojitengenezea motokaa zao, si kwa kulipwa bali kwa kupenda, na tuseme kweli, kwa sababu mfuko nao haujai.

Makala haya ni yao. Watu wengi huwacheka na kuwaita mafundi wa mikono mitupu. Mimi nawaona kuwa ni walinzi wa kitu ambacho tukikipoteza hatutakirudisha kwa urahisi, yaani mazoea ya mtu kukijua chombo kinachombeba yeye na watoto wake. Tena naandika kwa kuwa mazoea hayo yana hatari zake, na hatari hizo hazina budi kutajwa wazi.

Desturi yenyewe si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Kabla ya motokaa palikuwa na chombo. Mwenye mashua au jahazi hakungoja chombo kianze kuzama ndipo atafute wa kumsaidia. Maji ya bamvua yakijaa alikipandisha ufuoni, yakipwa kikabaki pakavu kimeegemea magogo, naye pamoja na wanawe na mabaharia wake wakakikwangua, wakatia kalafati ya pamba katika nyufa za mbao, wakapaka shahamu sehemu ya chini inayokaa majini na sifa ya papa upande wa juu. Fundi mkubwa aliitwa kwa ubao uliooza au mkuku uliopasuka. Kazi nyingine zote zilikuwa za mwenyewe. Ndugu zetu wa Lamu, ambako mpaka leo punda ni wengi kuliko motokaa, wanaelewa nisemalo bila ya kuelezwa.

Mimi nilianza kuzijua motokaa kwa mjomba wangu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa na pikapu ya Datsun 1200 aliyoichukulia bidhaa zake. Asubuhi nilikuwa chuoni nikisoma juzuu, alasiri nilikuwa uani kwa mjomba nikimshikia taa. Mtindo wa kufundisha ulikuwa ni ule ule. Mwalimu alianza na herufi, mjomba alianza na nambari: moja, tatu, nne, mbili. Huo ndio mpangilio wa silinda za injini ile zinavyolipua petroli, kwanza ya kwanza, kisha ya tatu, kisha ya nne, mwisho ya pili, na waya za plagi zikichanganywa kinyume cha hivyo injini hukohoa na kutema moto wala haiwaki. "Haya, tamka," alikuwa akiniambia. Nikikosea alinirudisha mwanzo. Miaka zaidi ya 40 imepita, na nikiamshwa usiku wa manane nitaisoma moja, tatu, nne, mbili bila ya kufungua macho. Na ajabu ni kwamba Toyota Probox zinazojaa barabarani leo hufuata mpangilio huo huo.

Miaka ile Shekhar Mehta alishinda mashindano ya Safari mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun Violet, na mjomba akatembea mtaani kama kwamba nusu ya ushindi ule ulikuwa wake.

Baada ya nambari ilikuja rangi. Mjomba alizitoa plagi nne akazipanga juu ya gazeti kwa zamu yake, kisha akaniuliza kila moja inasema nini. Plagi yenye rangi ya kahawia iliyofifia au kijivu ni ya injini yenye afya. Yenye masizi makavu meusi inasema kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa, au cheche ni dhaifu. Nyeusi yenye utelezi ni habari mbaya zaidi, oili inapanda na kuingia mahali pa moto. Nyeupe kama mfupa ina maana injini inaungua kwa joto, petroli ni haba. Kisha zikafuata pointi, vile vidude viwili vinavyofunguka na kufunga ili kuleta cheche. Nafasi baina yake ilikuwa kama nusu milimita, nayo ilipimwa kwa fila, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyofunuliwa kama kurasa. Nusu milimita! Ikizidi au ikipungua, gari linakataa kupanda mlima wa Mazeras likiwa na mzigo.

Nyumbani kwa mjomba palikuwa na kitabu kimoja cha Haynes, kimeloa oili hata kurasa zake zilikuwa zikiangaza ukizielekeza kwenye jua. Vitabu vya jina hilo vimewafundisha watu wasiohesabika duniani kutengeneza motokaa zao, na wasomaji wenye jamaa Aden na Hadhramaut watapenda kusikia vilivyoanza. Mwaka 1965 Mwingereza John Haynes alikuwa Aden katika Jeshi la Anga la nchi yake. Mwenzake mmoja alikuwa na kigari cha Austin-Healey Sprite kilichochoka, akamwomba wasaidiane kukifufua. Wakakitazama kitabu cha kiwanda wakaona kimeandikiwa mafundi, mtu wa kawaida hapati kitu. Basi Haynes akanunua kamera, wakaifungua injini kipande kwa kipande na kuirudisha, na kila hatua akaipiga picha. Kitabu kikatoka mwaka uliofuata, 1966. Kabla ya hapo, mwaka 1956 akiwa bado mwanafunzi, alikuwa ameshaandika kijitabu juu ya namna ya kujiundia gari dogo kutokana na Austin 7. Haynes alifariki 2019, na mtindo wake haukubadilika: fungua mwenyewe kwanza, ndipo uandike.

Wala si mtindo mpya kwa Waislamu. Al-Jazari, aliyekuwa fundi katika ikulu ya Diyarbakir, alimaliza mwaka 1206 kitabu chake cha mitambo, kikiwa na michoro na maelezo ya namna ya kuiunda, na mmoja wa mitambo hiyo ni pampu ya maji yenye silinda mbili zinazokwenda na kurudi kwa zamu. Mtu anayejua pistoni atautambua mchoro ule bila ya kujua hata herufi moja ya Kiarabu.

Sasa turudi pwani, kwa maana pwani ina maradhi yake ambayo vitabu vya Ulaya havikuyajua vyema. La kwanza ni chumvi. Wenye motokaa wengi hujaza rejeta kwa maji ya bomba, na bomba likikauka, kama linavyokauka mara kwa mara, hukimbilia kisima cha mtaani. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Ndani ya rejeta chumvi hiyo huganda, huziba vijia vyembamba, na hula chuma pole pole. Mjomba alikuwa akiweka madebe ya maji ya mvua ya Masika kwa kazi hiyo tu, na ole wake aliyeyatumia kufulia. Leo kuna kulanti, nayo si maji ya rangi tu kama wanavyodhani wengine. Ina dawa ya kuzuia kutu, na huyafanya maji yachelewe kuchemka. Gari likija kuchemka, usiiguse kofia ya rejeta mpaka ipoe kabisa, hata kama abiria wote wanakupigia kelele. Mvuke ule huchubua uso.

Chumvi hushambulia bodi pia, na hapa pana kazi ndogo ambayo haitaki spana. Chini ya kila mlango wa gari pana vitundu vya kutolea maji ya mvua yanayopenya kwenye kioo. Vumbi likiviziba, maji yanakaa ndani ya mlango, na kutu inaanza kula kutoka ndani wakati wewe unang'arisha rangi ya nje. Chukua chelewa moja ya ufagio, uizibue kila tundu. Dakika 5 zatosha milango yote. Nimeona milango iliyooza ikagharimu fedha nyingi kwa sababu ya chelewa ambayo haikutumiwa.

Betri nayo huteswa na joto letu. Juu ya vichwa vyake huota unga mweupe au wa kijani, umeme ukakosa njia, na mwenye gari akaambiwa betri imekufa. Aghalabu haijafa. Fungua waya ya hasi kwanza, kisha ya chanya, usugue vichwa kwa maji ya moto yenye magadi, yale yale ya jikoni, suuza, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kisha pakaa vaselini. Sababu ya kuanza na hasi ni kwamba bodi yote ya gari imeunganishwa na upande huo, na spana ikiteleza kutoka kichwa cha chanya ikagusa chuma cha gari, hutoa cheche za kutisha.

Liko na jambo la breki, ambalo watu wengi hawalijui kabisa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Katika hewa ya Mombasa, ambayo hata chumvi ya mezani haikai kavu, yananyonya kwa raha zao. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike angalau nyuzi 230 za joto. Yakishanyonya maji kiasi cha sehemu 4 hivi kwa mia, kima hicho huweza kushuka mpaka nyuzi 155. Na yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hukandamizika. Ndipo dereva anayeteremka kutoka Mazeras, mguu juu ya breki njia nzima, anapoikanyaga mara ya mwisho na kuikuta inazama kama godoro. Hakuna kilichokatika, hakuna kilichovuja. Mafuta tu yamezeeka. Yafaa kubadilishwa kila miaka 2. Mwenye gari asiyejua kazi hiyo asiifanye, lakini awe na ujuzi wa kumwambia fundi aifanye, kwa kuwa fundi hatamkumbusha.

Na oili iliyotolewa isimwagwe mtaroni. Mtaro wa Mombasa unakwenda baharini, na baharini ndiko tunakovua. Wako wenye kuitaka kwa kupakia miti ya ua ili mchwa asiile. Iwekwe katika dumu, wapewe wao.

Nimezungumza juu ya kutunza. Wako na wanaotaka kuzidisha, yaani kulifanya gari kuwa bora kuliko lilivyotoka kiwandani. Hapa pana mchanganyiko wa hekima na upuuzi. Redio kubwa, pazia za madirisha, taa za buluu chini ya viti, na maandishi ya Masha Allah kioo kizima hata dereva haoni nyuma, hayo namwachia kila mtu na nafsi yake. Lakini nilimwona mzee mmoja wa Kisauni, mstaafu wa reli, aliyefanya kazi ambayo ningependa kila mwenye gari kuukuu aione.

Mzee huyu ana Peugeot 504, ile ile iliyokuwa ikiunganishwa hapa hapa Mombasa, kiwandani Miritini. Alikuwa akilalamika kwamba usiku haoni, taa zake ni manjano kama kibatari. Vijana walimshauri anunue balbu kubwa zaidi. Akakataa, akachukua mita akapima. Kwenye betri aliukuta umeme kamili, kwenye taa akaukuta umepungua. Sababu ni kwamba katika magari ya zamani umeme wa taa husafiri kutoka betri mpaka swichi ya usukani, kisha hurudi mbele kwa waya nyembamba zilizozeeka. Nao upungufu mdogo wa umeme hula mwangaza mwingi: volti zikipungua sehemu 10 kwa mia, balbu ya waya hupoteza karibu sehemu 30 kwa mia ya mwangaza wake. Basi akafunga rilei mbili karibu na betri, kila moja na fyuzi yake na waya nene, swichi ya usukani ikabaki na kazi ya kutoa amri tu. Balbu ni zile zile za zamani. Nilipanda naye usiku kwenda Mtwapa, na barabara nikaiona mpaka ukingoni.

Linganisha na wale wanaonunua balbu za LED za bei rahisi na kuzipachika katika taa zilizoundwa kwa balbu ya waya. Kioo cha taa kimepimwa kwa mwanga unaotoka mahali pamoja maalumu. Ukitoka mahali pengine, hutawanyika kila upande. Mwenye taa hizo anajiona amepata mchana, na anayekuja mbele yake katika barabara ya Malindi hapati ila weupe mtupu, hajui mwendesha baiskeli yuko wapi wala ukingo uko wapi. Hilo silihesabu kuwa ni kuboresha gari.

Na hapa ndipo penye mpaka ninaotaka uchorwe. Kazi nyingine ukikosea utalala njiani. Kazi nyingine ukikosea atazikwa mtu.

Mtaani kwetu kijana mmoja aliingia chini ya gari la baba yake kufunga eksozi. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki peke yake, juu ya mchanga. Jeki ikazama upande, gari likashuka. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa amelitoa gurudumu moja, na badala ya kulisimamisha ukutani alikuwa amelilaza chini ya chasisi, ubavuni pake. Gari likaangukia gurudumu. Alitoka na mbavu mbili zilizovunjika na usemi umempotea kwa siku nzima, huku mama yake amekaa mlangoni hajui acheke au alie. Jeki ni ya kuinulia. Haikuundwa kushikilia gari juu ya kifua cha mtu. Baada ya kuinua, weka stendi za chuma au magogo mapana, mahali pagumu, zuia magurudumu yaliyobaki chini, na lile ulilolitoa lilaze chini ya gari. Matofali ya saruji yenye matundu usiyaamini, hupasuka ghafla bila ya kutoa ilani.

Vivyo hivyo springi za mbele, ambazo zimebanwa kwa nguvu za kumrusha mtu, na zile waya za manjano zinazokwenda usukanini na kwenye dashibodi. Manjano hayo yamewekwa makusudi. Ni waya za mifuko ya hewa inayofumuka gari likigongana, nayo ikifumuka mbele ya uso wa mtu aliyeinama na bisibisi, humjeruhi vibaya. Barazani kwetu walinitaka niwatungie neno juu ya habari hii, nikawapa ubeti mmoja:

Gari likikugomea, kwanza shika bisibisi,
Fungua ukikagua, kwa utuvu si kwa kasi,
Masizi ukiyatoa, hulipuka kwa wepesi,
Ila breki kulegea, mwite fundi kwa upesi.

Waliucheka mshororo wa mwisho, wakasema mshairi ameogopa. Nikawaambia, naam, nimeogopa.

Sasa kuna wanaosema kwamba zama hizi zimekwisha. Magari ya leo, wanasema, ni kompyuta zenye magurudumu, hayana pointi wala kabureta, na mwenye gari hana la kufanya ila kufunga boneti na kulipa. Maneno haya yana ukweli nusu. Nusu ya pili nilionyeshwa na bibi mmoja muuguzi, mkaazi wa Tudor, mwenye Toyota Vitz ya silinda 4.

Gari lake lilianza kutetema, na taa ya injini ikawaka. Gereji aliyokwenda kwanza walimwandikia orodha ndefu ya vipuri, bei yake ikipita mshahara wa mwezi. Akarudi nyumbani akaazima kisomaji, kidude kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kupeleka habari katika simu ya mkononi. Tundu lake ni la aina moja, lenye matundu 16 madogo. Marekani ililazimisha magari yote mapya yawe nalo tangu modeli za 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli 2001, na viwanda vya Japani navyo vikaingia katika mtindo huo. Simu ikamwandikia P0302. Herufi P ni ya injini na gia. 03 ni habari ya kukosa kulipua, na nambari ya mwisho ni silinda yenyewe. Silinda ya pili.

Wengi wangekimbilia dukani. Yeye alifungua kifuniko, akaitoa koili ya silinda ya pili akaiweka ya tatu, na ya tatu akaileta ya pili. Akafuta ule ujumbe, akawasha gari, akaendesha mpaka taa ikawaka tena. Safari hii simu ikasema P0303. Ugonjwa umeifuata koili! Basi plagi ni nzima, waya ni nzima, injini ni nzima. Akanunua koili moja, akaifunga mwenyewe kwa spana ya 10, buibui limetundikwa mlangoni lisiingie mafuta.

"Kaka," aliniambia nilipomsifu, "mimi mgonjwa akinambia kichwa chamuuma sikimbilii kumpasua. Namuuliza kwanza."

Hayo ndiyo niliyoyajua kwa mjomba, moja, tatu, nne, mbili, ila sasa yameandikwa kwa herufi nyingine. Na herufi husomwa. Ila msomaji asidhani kwamba ile nambari inataja kipuri cha kununua. Inataja mahali pa kutazama. P0171, kwa mfano, husema kwamba hewa ni nyingi kuliko petroli. Huenda ni mpira uliopasuka unaovuta hewa kwa siri, wala si sensa ya bei kubwa ambayo muuzaji amekwisha kuitoa kabatini.

Ila mlango huu unaweza kufungwa, na wenye kuufunga hawako Mombasa. Viwanda vinapenda zaidi kwamba maarifa ya ndani yabaki kwa mawakala wao. Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, wapiga kura walipitisha sheria mwaka 2012 ya kuwalazimisha watengenezaji wampe mwenye gari na gereji huru habari zile zile na vifaa vile vile vya kutafutia hitilafu wanavyowapa mawakala. Mwaka 2020 wakarudi kwenye sanduku la kura kuipanua sheria, kwa sababu magari mapya yalikuwa yameanza kupeleka habari zake kiwandani kwa njia ya hewa, bila ya kupitia lile tundu. Sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika Japani tunayapata baada ya miaka kadhaa, kwa kuwa kanuni ya KS 1515 hairuhusu yaliyozidi miaka 8. Kwa hiyo kufuli zinazotiwa magarini leo tutakutana nazo wakati wa watoto wetu kushika spana.

Kwa sasa iko herufi moja zaidi ambayo yule bibi amenifundisha, nami naitoa kwa wasomaji wanaojiandaa kwenda kuchagua gari bandarini. Fungua mlango wa dereva utazame ubavuni, kisha fungua boneti. Mara nyingi utakuta vibandiko vya gereji za Kijapani, vimeandikwa tarehe ya kubadilisha oili na kilomita zake. Mwaka hauandikwi kwetukwetu. Huhesabiwa kwa enzi za wafalme wao, na watu tuliozoea kuishi na hesabu mbili, ya Hijra na ya Miladi, hatuwezi kushindwa. Enzi ya Heisei, inayoandikwa H, jumlisha 1988. Enzi ya Reiwa, inayoandikwa R, jumlisha 2018. Basi H 30 ni 2018, na R 3 ni 2021. Yeye alipokwenda kununua Vitz yake alikuta saa ya dashibodi inaonyesha kilomita 58,000, na kibandiko cha mlangoni kimeandikwa H 27, oili imebadilishwa kwenye kilomita 91,000. Akamrudishia muuzaji funguo, akaenda kutazama gari la pili.